Anayechoka wa kwanza: kisa cha uwanja wa kuchezea watoto katika kata moja ya pwani

Kisa hiki kinatoka katika manispaa moja ya pwani ya Tanzania. Jina la mji, la kata na la kila mhusika limeondolewa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Nakiandika kwa ajili ya maofisa mipango miji, maofisa maendeleo ya jamii, kamati za mitaa na wasanifu wenzangu, yaani wote wanaokabidhiwa kipande cha ardhi na kuambiwa, "Hapa wekeni uwanja wa watoto."

Usuli

Eneo lenyewe ni kiwanja cha wazi, kidogo kuliko uwanja wa mpira, kilichonusurika katikati ya kata yenye nyumba zilizobanana. Mashariki kuna shule ya msingi, kaskazini msikiti, magharibi barabara ya mtaa yenye kijiwe cha bodaboda, na kusini genge pamoja na mama lishe wachache. Kwa miaka mingi kiwanja kilikuwa cha kila mtu. Vijana walicheza mpira jioni, misiba na harusi zilifungiwa maturubai hapo hapo, na masika yakishika nusu yake iligeuka dimbwi. Upande wa kusini kulikuwa na mwarobaini mkubwa na mikungu miwili ya zamani.

Katika kata hii mtoto mdogo hashindi na mama na baba. Mama yuko sokoni, baba yuko kazini au baharini. Anayebaki na mtoto wa miaka mitatu ni bibi mwenye magoti yanayouma, shangazi, au dada mwenye umri wa miaka kumi na mbili aliyerudi shule na kubebeshwa mdogo wake mgongoni kabla hajavua sare. Hao ndio wanaowapeleka watoto kucheza. Kila mjumbe wa kamati alilijua jambo hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwake, lakini halikuonekana popote katika mchoro wa kwanza.

Uwanja wa kwanza

Manispaa ilipata mfadhili, na mfadhili akaleta vifaa vya plastiki vya rangi kali: mnara wenye ngazi na mtelezo, bembea mbili, kifaa cha kuzunguka, na ubao wa kupanda na kushuka wawili wawili. Vifaa vilipangwa katikati ya mraba. Chini yake ikamwagwa sakafu ya zege ili watoto wasikanyage tope. Ukajengwa uzio wa waya kuzunguka mraba huo, na geti moja likatazama barabara. Mwarobaini na mikungu ikabaki nje ya uzio, kwa kuwa mstari wa mraba haukuifikia. Yaliwekwa mabenchi mawili ya bomba, nayo yako juani.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na ngoma, na wiki chache za mwanzo watu walifurika. Baada ya hapo idadi ikaanza kupungua, na waliopungua hawakuwa watoto wote kwa usawa. Waliotoweka kwanza ni wadogo chini ya miaka mitano, wakafuata wasichana. Waliobaki ni wavulana wa miaka tisa hadi kumi na tatu, wenye nguvu na wasiohitaji kusindikizwa. Walipanda mnara kwa nje, wakazungusha kile kifaa mpaka kikalegea, na wadogo wachache waliokuwa bado wanakuja wakaogopa kuingia. Kisha mtoto mmoja akaanguka kwenye zege na kuvunjika mkono. Geti likafungwa kwa kufuli, likabaki hivyo kwa miezi.

Hapo ndipo baadhi ya watu walipoanza kusema kwamba eneo limeshindikana, na lingefaa kujengwa fremu za maduka upande wa barabara. Kamati ya maendeleo ya kata ikaomba ushauri wa usanifu. Ombi lililoletwa kwetu lilikuwa la vifaa zaidi: mnara mrefu zaidi, bembea zaidi, na uzio imara zaidi.

Kutazama kabla ya kuchora

Tuliomba kwanza geti lifunguliwe bila kubadilisha chochote, tukae tuangalie nani anakuja, anakaa muda gani, na anaondoka kwa sababu gani. Tulikaa nyakati tofauti: asubuhi, baada ya shule, jioni na mwisho wa wiki. Kama kamati ina fedha kidogo za utafiti, ushauri wangu ni kwamba ziende hapa. Mtu mwenye daftari na subira atakuonyesha mengi kuliko dodoso.

Nitaeleza mambo matatu tuliyoyaona.

La kwanza ni bibi aliyekuja saa tisa na nusu alasiri na mjukuu wake wa kiume. Mtoto alikimbilia mtelezo. Bibi alitazama mabenchi, akagusa moja kwa kiganja, akaondoa mkono haraka. Akaenda kusimama kwenye kivuli chembamba cha mnara, mkono mmoja umeshika nguzo. Jua liliposogea naye akasogea. Muda si mrefu mtoto akasema anataka kukojoa. Hapakuwa na choo. Bibi akamshika mkono wakaondoka, mtoto akilia mpaka wanapinda kona ya msikiti.

La pili ni msichana wa darasa la sita mwenye mdogo wake mgongoni. Rafiki zake walikuwa wanacheza rede nje ya uzio, chini ya mwarobaini. Akimwingiza mdogo ndani, mchezo unampita. Akicheza rede, mdogo anakaa kwenye vumbi la barabarani, pikipiki zikipita. Alijaribu yote mawili kwa zamu, akachoka, akaenda nyumbani. Kwa mchoro ule, yeye alikuwa mlezi tu. Hakuna aliyekumbuka kwamba naye ni mtoto.

La tatu ni baba aliyewaleta watoto wake wawili Jumapili. Aliwaingiza getini, akavuka barabara, akakaa juu ya pikipiki yake kwenye kijiwe, simu mkononi. Mjumbe mmoja wa kamati alisema wanaume wa siku hizi hawajali. Mimi sikukubaliana naye na bado sikubaliani. Ndani ya uzio hapakuwa na jambo lolote la kumfanya mwanamume akae, na kusimama katikati ya kina mama bila shughuli kulimpa haya. Alikaa mahali pekee palipokuwa na nafasi yake.

Kutokana na haya tulipata kanuni iliyoongoza kazi yote iliyofuata: familia hukaa uwanjani kwa muda wa yule anayechoka wa kwanza. Mtoto hachoki kwanza. Anayechoka ni aliyemleta. Kwa hiyo mtelezo ukiongezwa urefu, muda hauongezeki hata dakika moja iwapo bibi anaungua na jua. Kila pendekezo lililoletwa mezani tulilipima kwa swali hilo: hapa nani atachoka kwanza, na kwa nini?

Maamuzi na sababu zake

*Kivuli.* Uamuzi wa kwanza haukuhusu kifaa chochote. Tulihamisha uwanja kuelekea kusini ili mwarobaini na mikungu iwe ndani, na sehemu ya watoto wadogo ikawekwa chini yake moja kwa moja. Mtelezo uligeuzwa kutoka upande wa magharibi. Pwani yetu iko karibu na ikweta, jua la mchana liko utosini na halikwepeki kwa kugeuza kitu, ila lile kali la alasiri, saa ambazo watoto wametoka shule, linatoka magharibi. Mtelezo unaolitazama huunguza mapaja, uwe wa bati au wa plastiki.

Kulikuwa na mabishano kuhusu miti mipya. Kiongozi mmoja alitaka miashoki kuzunguka eneo zima kwa sababu inapendeza na haichafui. Ni kweli inapendeza, lakini humea wima na kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja. Tulisimamia mikungu na miarobaini, na tukakubali kwamba majani ya mkungu yatahitaji kufagiwa. Kwa miaka ya kusubiri miche ikue, tulifunga neti ya kivuli juu ya nguzo za bomba.

*Baraza.* Uzio wa waya uliondolewa pande zote isipokuwa upande wa barabara, na hapo palijengwa ukuta mfupi. Ndani, ukuta ukageuzwa baraza: sentimita 45 kwenda juu, upana wa kutosha mtu kukaa, kuweka kikapu, na mtoto kulala. Sehemu mbili ziliinuliwa zaidi na kuwekewa mkono wa bomba, kwa wazee ambao kukaa si tatizo lao ila kuinuka.

Dimbwi la mchanga la watoto wadogo lilizungushiwa ukingo mpana wa zege, ili aliyekaa aweze kumfikia mtoto bila kusimama. Wazo hili si geni duniani. Msanifu wa Uholanzi, Aldo van Eyck, alipoanza kujenga viwanja vya watoto Amsterdam mwaka 1947, dimbwi la mchanga la uwanja wake wa kwanza lilikuwa na ukingo mpana wa zege ambao watu walikalia. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa ameshiriki katika viwanja zaidi ya 700, vingi vikiwa havina uzio, vimechomekwa katika vipande vya ardhi vilivyobaki kati ya nyumba. Nilipoonyesha picha zake kwenye kikao, mzee mmoja alisema, "Hiyo ni baraza." Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini fedha za vifaa zinakwenda kwenye zege la kukalia.

*Mchanga dhidi ya magurudumu.* Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko penginepo. Zege chini ya vifaa lilipaswa kuvunjwa, hilo halikuwa na mjadala. Miongozo ya usalama ya Marekani huhesabu kwamba sentimita 23 za mchanga uliolegea zinamlinda mtoto anayeanguka kutoka kama mita 1.2. Viwango vya Ulaya huruhusu mtoto aanguke kutoka hadi mita 3, mradi kilichoko chini kinalingana na urefu huo. Sisi mchanga tuliokuwa na uwezo wa kuununua na kuutunza ulitubana kwenye ile mita 1.2, kwa hiyo mnara ulipunguzwa. Wapo waliolalamika kwamba uwanja mpya ni mfupi kuliko wa zamani.

Lakini katika kata hiyo kuna mama mwenye binti mwenye mtindio wa ubongo, anayetembea kwa kiti cha magurudumu. Mama huyo alikuja kwenye kikao cha mtaa na kusema jambo lililonyamazisha watu: mchanga unaomlinda mtoto wa mwenzake ndio unaomzuia wake. Gurudumu likiingia kwenye mchanga mlaini, limekwama. Sakafu ya mpira ingemaliza tatizo, ila bei yake ilikuwa nje kabisa ya bajeti.

Tulipata njia ya katikati. Njia ya matofali ya pevingi, pana kiasi cha kupitisha kiti na mtu kando yake, inazunguka eneo lote na kuugusa kila mchezo angalau upande mmoja. Meza ya mchanga ilijengwa kwa zege, wazi chini, ili kiti kiingie na magoti yapite. Kisha fundi akatengeneza bembea pana: duara la bomba lililosukwa kamba nene, linaloning'inia kwa minyororo minne, ambalo mama anakaa akiwa amempakata mtoto au watoto wawili wanalala. Chini ya bembea hiyo peke yake tuliweka mkeka mzito wa mpira uliounganika na njia. Huo ndio mpira pekee tulioumudu.

*Kazi ya fundi.* Vifaa vingi vilitengenezwa na mafundi wa hapo hapo kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kuwaajiri mafundi moja kwa moja bila mkandarasi, na kazi yao ilikuwa nzuri. Jambo moja lilihitaji jicho la karibu. Fundi wa kuchomelea alipotengeneza kingo za jukwaa, aliacha sentimita 11 kati ya nondo na nondo, kama alivyozoea kwenye grili za madirisha. Nafasi ya aina hiyo ni ya hatari. Viwango vya Ulaya vinataka nafasi iliyozingirwa pande zote iwe chini ya milimita 89 au zaidi ya milimita 230, kwa sababu katikati ya vipimo hivyo mwili wa mtoto unapita na kichwa kinabaki. Mtoto akitanguliza miguu, ananing'inia kwa shingo. Tulimweleza fundi sababu hiyo, naye akazichomoa nondo zote na kuzipanga upya kwa sentimita 8 bila kudai nyongeza. Akakata kipande cha mbao chenye kipimo hicho, akawa anakipitisha kila mahali kabla ya kuchomelea.

*Wasichana.* Mwishoni mwa miaka ya 1990 mji wa Vienna uligundua kwamba wasichana wakifikisha miaka tisa hivi huanza kupotea katika bustani za umma huku wavulana wakibaki, na ukazipanga upya baadhi ya bustani zake kwa kuongeza njia za kuingilia na kuigawa nafasi ya wazi katika vipande vidogo, ili kundi moja lisiteke eneo zima. Tuliyoyaona sisi yalifanana sana na hayo. Tukachora uwanja wa rede kando kabisa ya dimbwi la mchanga, mita chache tu, ili dada acheze huku akimwona mdogo. Uwanja ukapata maingilio matatu badala ya geti moja.

*Wanaume, wazee na misiba.* Meza mbili za bao zilijengwa. Kipande cha kaskazini kiliachwa kitupu kabisa, bila kifaa wala mti katikati, kwa ajili ya maturubai ya misiba na harusi. Mfadhili aliona kwamba ni ardhi inayopotea. Kamati ilikataa kuachia hata hatua moja, na nadhani huo ulikuwa uamuzi wao bora kuliko wowote tulioufanya sisi wataalamu. Uwanja ambao mtu mzima amezikia mzazi wake na kuozea binti yake ana uchungu nao, na hawezi kukaa kimya ukikatwa fremu. Vijana wa mpira walipunguziwa eneo. Hawakufurahi, ila walibakiziwa uwanja mdogo upande wa shule wenye wavu mrefu wa kuzuia mpira.

*Choo, maji, chakula.* Choo cha matundu mawili na bomba la maji vilijengwa kabla ya bembea kufungwa. Kikundi cha wanawake kilichopata mkopo kutoka fungu la asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kikapewa kibanda cha kuuza chai, mihogo, kachori na barafu za ukwaju, kwa sharti la kusafisha choo. Kamati ilikuwa imewahi kwenda Forodhani, Zanzibar, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture, na waliyorudi nayo hayakuwa sifa za vifaa. Walisimulia jinsi watu wanavyokaa hapo usiku kwa ajili ya upepo na chakula, watoto wakicheza pembeni. Walitaka hivyo.

Kilichotokea

Badiliko la kwanza lilionekana kwenye muda. Watu waliokuwa wakija na kuondoka walianza kukaa kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi. Bibi wa saa tisa na nusu alirudi, safari hii na ukili wa kusuka. Wenzake wakamfuata, na kufikia kiangazi baraza ya chini ya mwarobaini ilikuwa na kina bibi wanaosuka na kuwakemea watoto wa kila mtu. Ukorofi wa wavulana wakubwa ulipungua sana bila mlinzi kuajiriwa, kwa kuwa ni vigumu kumsukuma mtoto wa mwenzio mbele ya bibi anayemjua mama yako kwa jina.

Bembea pana ilipendwa kuliko kitu kingine chochote. Binti wa kiti cha magurudumu alibembezwa na kaka zake, kisha na watoto wasiomfahamu. Kina mama walipanda pia. Sikukuu ya Idi, familia zilikuja nguo mpya, foleni ya bembea ikawa ndefu, na wasichana wakacheza rede mpaka giza likaingia.

Mambo mengine yalikwenda vibaya.

Meza za bao tuliziweka chini ya kivuli kizuri zaidi, jirani na dimbwi la mchanga, kwa nia ya kuwasogeza wanaume karibu na watoto. Walisogea kweli, wakajaa, wakaleta sigara na lugha ya kijiweni, na kina mama wakahama upande ule. Kivuli ambacho uwanja mzima ulijengwa kukizunguka kikawa mali ya watu kumi. Mwenyekiti wa mtaa alikaa nao, akawasikiliza, na meza zikahamishiwa karibu na ukuta wa barabara. Kuanzia hapo mambo yalitulia, na likatokea jambo zuri: walipohamia karibu na maingilio wakawa ndio wanaomwona kila anayeingia na kutoka, na mtoto mdogo akikimbilia barabarani huitwa kwa sauti kabla hajafika.

Kikundi cha wanawake kiliweka ada ya choo ya shilingi 200. Watoto hawakuwa nayo, wakawa wanakojoa nyuma ya mkungu, na harufu ikafika barazani. Kamati iliondoa ada kwa watoto na kwa aliye na mtoto mdogo, ikawapunguzia kina mama wale kodi ya kibanda.

Mchanga uliwavutia paka. Lilikuwa jambo la kutarajiwa katika mji wa pwani, na dawa yake ni reki kila asubuhi na turubai usiku. Siku mhudumu wa uwanja asipokuja, dimbwi halitumiki. Chini ya bembea za kawaida miguu ya watoto huchimba shimo, na mchanga uliokuwa sentimita 23 unabaki tabaka jembamba ndani ya wiki chache. Masika ya kwanza maji yalisimama upande wa shule kwa sababu mtaro ulikuwa umeishia kabla ya kufika kwenye kalvati. Ukarefushwa.

Bembea pana nayo ilipakiwa na vijana wazima usiku, watano au sita kwa pamoja. Kulabu zilikuwa za chuma laini kinachosagika, zikalika hadi nusu. Mhudumu aliliona hilo asubuhi moja akaifunga bembea siku hiyo hiyo. Zilibadilishwa kwa viungio vyenye beringi, na nguzo zikaongezewa mihimili.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mpangilio wa matumizi ya fedha. Kivuli, baraza, choo na maji vilinunuliwa kwanza, na kilichobaki ndicho kilichokwenda kwenye michezo. Viwanja vingi hufanya kinyume, kwa sababu kifaa cha rangi ndicho kinachopigwa picha siku ya uzinduzi. Vifaa vya uwanja wa pili vilikuwa vichache na vifupi kuliko vya kwanza, na watoto walicheza zaidi. Sioni maelezo mengine ila kwamba waliowaleta waliweza kukaa.

Jambo la pili ni kwamba kuketi hakukutosha kwa kila mtu. Bibi alihitaji baraza. Dada alihitaji mchezo wake mwenyewe ndani ya upeo wa macho. Baba alihitaji sababu ya kuwapo. Tukisema uwanja wa familia kisha tukaweka mabenchi tu, tumemchukulia kila mtu mzima kuwa mlinzi. Bembea pana ilifaulu kwa sababu iliondoa mstari kati ya anayecheza na anayetazama, na kama ningekuwa na fedha za kifaa kimoja tu katika kata nyingine, ningeanza nayo, na kulabu zake ningezinunua ghali.

Kuhusu meza za bao, tatizo halikuwa wanaume wala sigara peke yake. Kivuli katika kiwanja cha pwani ni rasilimali adimu, na rasilimali adimu isiyogawanywa kwenye mchoro itagawanywa na wenye nguvu. Kivuli cha watoto wadogo kinapaswa kuwa na umbo linalowafaa wao tu: baraza fupi, iliyopinda, inayotazama mchangani, ambayo haikai kundi kubwa likielekeana. Na wanaume wapewe kivuli chao mahali pengine, kizuri vile vile, wasionekane wamefukuzwa.

Suala la ulemavu lilitufundisha kwamba njia ichorwe kwanza, michezo ifuate. Njia ikichorwa mwisho, huishia kwenye geti na choo, na mtoto wa kiti cha magurudumu anabaki mtazamaji. Hata hivyo uwanja huu bado una upungufu: mnara na mtelezo havimfikii kabisa, na mkeka wa mpira ukichakaa hakuna fedha zilizotengwa za kuununua mwingine.

Udhaifu mkubwa kuliko wote uko kwenye mshahara wa mhudumu. Reki ya asubuhi, turubai la usiku, mtaro, kulabu zilizolika, vyote vinategemea mtu mmoja anayelipwa kutokana na kodi ya kibanda, na kodi hiyo hushuka wakati wa mvua, ambao ndio wakati kazi yake inaongezeka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 31 inatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Ibara hiyo ilitumika vizuri kwenye andiko la mradi na ilisaidia kuzima hoja ya fremu. Katika bajeti ya manispaa, hata hivyo, kucheza bado hakuna kifungu chake: usafi una kifungu, barabara ina kifungu, uwanja wa watoto unahesabiwa kama jengo lililokwisha kujengwa. Kamati imeomba mhudumu aingizwe kwenye orodha ya vibarua wa usafi wa kata, ombi ambalo lina nafasi nzuri ya kukubaliwa kwa kuwa halihitaji kifungu kipya. Mpaka naandika, mhudumu yupo, analipwa kwa kuchelewa, na mchanga unapigwa reki.